Masinia Yaliyorudi Kiponda

Jikoni kwa Bi Muzna palikuwa na kanuni moja, na hakuitunga yeye. Aliikuta kwa mama mkwe wake, Bi Amne, aliyefungua hoteli ile ya chakula mtaa wa Kiponda mwaka 1971, chini ya nyumba yao ya ghorofa mbili. Kanuni ilikuwa na sehemu mbili. Chungu hakitoki jikoni mpaka mpishi akionje mwenyewe. Na kama hakuonja, aseme kwamba hakuonja.

Sehemu ya kwanza iliijua kila mtu aliyewahi kula pale. Hata mwezi wa Ramadhani, hoteli ilipofungwa mchana na kupikwa futari za watu walioagiza tu, Bi Amne alimwendea sheikh akauliza, akaambiwa mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi kisha ateme na asukutue. Akawa anafanya hivyo. Sehemu ya pili ilijulikana kwa wachache. Muzna alikuwa na umri wa miaka ishirini, ana mimba yake ya kwanza, na kila akikaribia masala alitapika. Siku moja Bi Amne mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa, na Muzna akapika peke yake. Alijiburura mpaka mlangoni, akawaambia waliokuwa wamekaa, "Leo mkwe wangu hakuonja. Anayetaka kula na ale, asiyetaka sina neno naye." Watu wakacheka, wakala, wakamwombea Muzna ajifungue salama. Hakuna aliyeondoka.

Nayaandika haya, mimi mteja wake wa miaka mingi, kwa ruhusa ya Bi Muzna. Alinieleza mwenyewe, na aliniomba nisipunguze.

Bi Amne alifariki mwaka 1998, na Muzna akashika jiko. Katika miaka iliyofuata hapakuwa na hoteli ya Waswahili Mji Mkongwe iliyopendwa kama ile. Ijumaa biriani, Jumapili asubuhi boko boko la ngano na nyama lenye samli na vitunguu vya kukaanga, Jumanne mchuzi wa papa wa nazi. Makarani wa mahakama walikaa benchi moja na wapagazi wa bandarini. Watu wa Fumba waliokuja mjini kumtazama mgonjwa hawakurudi bila kupita Kiponda. Aliyekuja peke yake hakuulizwa. Aliwekwa kwenye sinia na watatu asiowajua, na wakimaliza kula wameshajuana kwa majina ya baba zao.

Mwaka 2000 alikuja Mardhiya wa Mikunguni, binti wa fundi seremala, kuosha vyombo. Baada ya miaka mitano alikuwa anapika, na baada ya kumi alikuwa anaitwa huko Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kupika kwenye harusi na hitma kwa jina lake mwenyewe. Bi Muzna hakuona wivu. Alikuwa akisema mbele ya watu, "Mikono ni ya Mardhiya, ulimi ni wangu," na Mardhiya anajibu, "Ulimi wako ndio unaotuchosha sisi wenye mikono," wateja wanacheka.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 Bi Muzna alishikwa na homa ile iliyopita nyumba nyingi. Alilala siku kumi na mbili. Alipoinuka, nguvu zilirudi kidogo kidogo, ila pua na ulimi havikurudi. Aliunguza vitunguu mbele ya uso wake asijue mpaka alipoona moshi. Alimimina siki kiganjani akailamba, ikawa kama maji ya mtungi. Alitia pilipili mdomoni, akasikia moto tu.

Hakumwambia mtu. Nilimuuliza sababu, na jibu lake nalinukuu kama alivyolitoa: "Nilikuwa sina kitu kingine cha kujivunia. Kusoma sikusoma, uzuri umepita. Nilikuwa na ulimi."

Mardhiya alijua katika wiki ya kwanza. Lilikuwa joto, na tui lililokamuliwa asubuhi lilikuwa limeshaanza kuharibika kabla ya adhuhuri.

"Bi Muzna, tui hili limechacha."

"Limechacha wapi? Nshalionja. Halina kitu."

Mardhiya alimtazama usoni kwa muda, kisha akalibeba lile bakuli akalimwaga, akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi nyingine. Toka siku hiyo ikawa Bi Muzna anatia chumvi kidogo kwa woga, anapeleka upawa mdomoni kama zamani, anatikisa kichwa, na akigeuka tu Mardhiya anaonja na kutengeneza. Bi Muzna alimwona. Alimwona mara nyingi kutoka mlangoni, akajifanya kutazama njiani. Hivyo ndivyo walivyoishi mwaka mzima na zaidi, na chakula kilikuwa kizuri kama kawaida, na sifa zilikwenda kwa Bi Muzna.

Sisi watu wa Unguja tunalelewa kwa kustahiana, na hilo ni jambo jema. Lakini lazima tuseme ukweli kwamba mara nyingi tunaitumia staha kama kawa, kufunikia kitu kinachooza. Mardhiya alistahi kumuuliza mkubwa wake. Mkubwa naye akaikalia staha hiyo kama kiti.

Mwaka 2022, mwezi wa mfunguo mosi, baada ya Ramadhani, Mzee Saud wa Mkunazini alimwoza binti yake wa mwisho. Aliagiza biriani ya masinia sitini, ipikwe uani kwa Bi Muzna na ipelekwe kwa mikokoteni. Kazi ilianza kabla ya alfajiri. Saa nne masufuria manne ya masala yalikuwa tayari. Mardhiya aliyatia chumvi yote, akayaonja yote, kisha akatangulia Mkunazini na mkokoteni wa kwanza wenye achari na kachumbari, ili apange mambo huko.

Alipokwisha kuondoka, wakaingia wanawake watano wa upande wa bibi harusi, wakiongozwa na Bi Shahida, dada yake Mzee Saud. Walikuwa wameshajipamba, udi unawanukia, ingawa Bi Muzna hakuusikia.

"Hodi humu! Bi Muzna, tumekuja kukuibia siri."

"Karibuni. Siri gani? Moshi mtupu huu, mtaharibu nguo zenu."

"Tumeambiwa una ulimi wa mizani," alisema Bi Shahida. "Hebu tuonjee tukuone, tukaringe kwa wakwe."

"Onja Bi Muzna, onja!" wengine wakadakia. "Wengine sisi tunakula miaka yote hata hatujui tunakula nini."

Kufika hapo mlango ulikuwa bado wazi. Angeweza kusema Mardhiya ameshaonja, na lingekuwa kweli. Alichukua upawa, akachota masala, akapuliza, akayaweka ulimini. Yalikuwa ya moto. Zaidi ya hilo hakujua kitu. Akafumba macho. Aliniambia kuwa kusema "sawa" aliona ni kidogo, maana sawa anaweza kuisema mtu yeyote. Watu walikuwa wamekuja kutazama, naye alitaka atazamwe. Tena alikumbuka kwamba siku zile chumvi yake ilikuwa daima pungufu.

"Chumvi bado," akasema.

Akatia konzi tatu za chumvi, kila moja mkono mzima, katika kila sufuria, akakoroga, akaonja tena, akatabasamu. "Sasa."

"Mashallah!" Bi Shahida alipiga makofi. "Huyu ndiye mpishi. Pakueni, jamani."

Nikahi ilisomwa baada ya sala ya adhuhuri, na watu wakakaa wanne wanne. Mimi nilikuwa katika sinia la karibu na mlango. Tulitia mkono, tukameza tonge la kwanza, tukatazamana. Tonge la pili lilikwenda kwa maji. Mzee Saud alipita baina yetu, uso umejaa furaha ya mzazi.

"Kuleni jamani, msione haya."

"Tunakula, mzee. Alhamdulillahi, chakula kizuri."

Hivyo ndivyo tulivyomjibu, sinia baada ya sinia. Watu mia mbili na arubaini, na hakuna hata mmoja aliyemnong'oneza mwenye shughuli kwamba chakula chake hakiliki. Tulinawa mikono, tukaomba dua, tukaenda zetu kununua mkate barabarani.

Masinia yalirudi Kiponda alasiri, yamefunikwa makawa yake, mazito kama yalivyokwenda. Mardhiya alifunua la kwanza, kisha la pili. Alichukua punje chache akaweka mdomoni. Akakaa kwenye kizingiti cha uani na mikono yake mapajani. Bi Muzna alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani kaongeza chumvi?" Mardhiya aliuliza.

Bi Muzna alisema kuna vyombo vingi, viondolewe kabla ya magharibi.

Kesho yake asubuhi Mzee Saud alikuja na dada yake. Wateja walikuwepo, yapata kumi, na Hamed, karani wa bandari ambaye kwa mzaha hakuwa na mfano, alikuwa katikati ya hadithi. Aliikatisha.

"Bi Muzna, sikuja kugombana," alisema Mzee Saud. "Wakwe zangu wametoka Nungwi kuja kula maji na achari. Nataka nijue tu, chumvi ile iliingiaje."

Bi Shahida alidakia. "Mwenyewe tulimwona akionja, kaka. Mbele ya macho yetu. Ilikuwa bado, akaongeza, akaonja tena ikawa sawa. Iliyozidi iliingia baada yake, huko yalikopokelewa masinia."

Watu wakamtazama Mardhiya aliyekuwa amesimama na sahani mkononi.

"Mimi nilitia kabla ya kutoka," alisema Mardhiya. "Nikaonja. Ilikuwa imekaa sawa sawa. Baada ya hapo sikulisogelea sufuria."

"Ulitia?" Bi Shahida alimgeukia. "Kama ulitia, ilikuwaje Bi Muzna aonje akute bado? Mmoja wenu basi hana ulimi."

Hapo paliingia kicheko kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lilionekana haliwezekani. Mzee Saud hakucheka.

"Bi Muzna, wewe unasemaje?"

Jibu la kweli lilikuwa maneno mawili au matatu. Aliyajua. Aliwatazama wateja wale kumi, akamtazama Hamed, akasema, "Nilipoliacha mimi sufuria, chakula kilikuwa sawa."

Mardhiya alimtazama kama alivyomtazama siku ya tui. Angeweza kumuumbua pale pale, ushahidi alikuwa nao wa miezi kumi na tano. Aliweka sahani mezani, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja.

"Haya," akasema, na akatoka.

Siku hizo hizo jina likamtangulia Ng'ambo. Wakamwita Mardhiya Konzi. Kwenye foleni ya maji mwanamke mmoja alimpigia kelele, "Mwenzetu, tupitishie kibaba cha chumvi kwenye ndoo zetu, tukaoshee vidonda!" Harusi mbili alizokwisha kuahidiwa zilipewa wapishi wengine. Hakuitwa kwenye ya tatu.

Na Kiponda je? Sasa hapakuwa na wa kuonja nyuma ya mgongo. Bi Muzna aliajiri wasichana wawili mmoja baada ya mwengine, na wote walikuwa wageni wa jiko na waliambiwa hadithi ya Mardhiya siku ya kwanza, wakaogopa kugusa chumvi. Papa mkavu wa chumvi hapimwi kwa jicho. Kipande kimoja kina chumvi ya kutosha na cha pili kinawasha koo. Tui lililochacha lilikwenda mezani. Samli iliyovunda ilimiminwa juu ya boko boko la Jumapili. Nasi tukala. Tulisema, "Tumeshiba, Mungu akuzidishie," tukatoka, na tulipofika pembeni Hamed akasema, "Yakhe, papa wa leo kaja na bahari yake." Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Wiki ya pili yake wengine hawakurudi. Benchi la makarani likawa tupu. Wakaja watalii wachache wakiletwa na waongozaji wao, wakapiga picha boriti za dari, wakala walichopewa na kushukuru, maana hawakujua kilivyopaswa kuwa.

Miezi tisa baada ya harusi, Bi Muzna alivuka kwenda Mikunguni. Mardhiya alikuwa uani anapepeta mchele. Alisimama.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba. Nimekuja kutaka radhi."

"Kwa lipi?"

"Unajua, Mardhiya."

"Nnajua. Nataka ulitaje."

Bi Muzna aliniambia kuwa hapo ndipo alipolitamka kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Sisikii ladha. Wala harufu. Tokea nilipougua."

"Hilo nimelijua kabla hujalikubali mwenyewe. Nimekuonjea mwaka na miezi mitatu, na sikukwambia, nikakuhifadhi. Wewe kunihifadhi mimi siku moja umeshindwa." Aliweka ungo chini. "Umeniita mwongo mbele ya watu, unakuja kunitaka radhi uani. Mashahidi wako nani, kuku hawa?"

"Nambie nifanye nini."

"Kaseme pale pale uliposemea. Ukishasema, njoo, mlango huu haufungwi."

Alirudi Kiponda na nia hiyo. Nia ilimkalia mwaka mzima. Kila Ijumaa alisema itakuwa Ijumaa ijayo, kwa kuwa leo wateja ni wachache na wakisikia watakimbia hata hawa. Ijumaa iliyofuata walikuwa wachache zaidi. Hakuona alichokuwa anakifanya: uongo aliusema mbele ya watu kumi, nao wakaupeleka mji mzima, na kila wiki aliyoingoja masikio ya kusikia ukweli yalipungua.

Siku aliyosema, mwaka 2024, mezani tulikuwa watano. Watalii wawili na mwongozaji wao, Hamed, na mimi. Alitoka jikoni akafuta mikono, akasimama mahali alipokuwa akisimama marehemu mama mkwe wake.

"Nataka kusema neno. Mardhiya hakuzidisha chumvi kwenye harusi ya Mzee Saud. Nilizidisha mimi. Sisikii ladha miaka mitatu sasa. Nilisema uongo."

Mwongozaji aliuliza taratibu kama kuna tatizo la chakula. Hamed aliacha kula. Hakuwa na mzaha.

"Bi Muzna, sisi tulijua."

"Mlijua?"

"Siku ya kwanza hatukujua. Lakini Mardhiya alipoondoka ndipo chakula kilipoharibika. Mtu mwenye akili angeshajua nani alikuwa anapika na nani alikuwa haonji."

"Na hamkunambia?"

"Tulikustahi."

Bi Muzna alitutazama, kwanza Hamed, kisha mimi. Sikuweza kuinua macho. Nimefundisha watoto wa watu dini na adabu miaka ishirini na sita, nimewaambia kwamba anayenyamaza mbele ya dhuluma ameshiriki, na nilikuwa nimekaa pale miaka miwili nikimeza samli iliyovunda na kumwacha mwanamke wa watu anaitwa Konzi. Nilijua njia ya Mikunguni. Nilijua nyumba ya Mzee Saud.

Alasiri ile ile tuliongozana kwenda Mkunazini. Mzee Saud alitukaribisha vizuri, akaagiza kahawa. Bi Muzna alipoanza tu, alimkatiza kwa mkono.

"Hayo yameshapita, Bi Muzna. Binti yangu ana mtoto sasa. Usijiumbue bure."

"Sitaki yapite, Mzee. Nataka ulijue na uwaambie watu."

"Tunastahiana sisi. Kunywa kahawa."

Bi Shahida, aliyekuwa amesimama mlango wa ndani, ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwao. "Mimi hadithi ile nshaihadithia Unguja nzima, mpaka Pemba. Leo niwafuate mmoja mmoja niwaambie nilitazama kwa macho yangu na sikuona? Hapana. Niacheni."

Bi Muzna alikwenda tena Mikunguni. Mardhiya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mbele ya nani?"

Akamtajia. Mardhiya akasema, "Nimekusamehe, Bi Muzna. Mungu naye akusamehe. Lakini nisikudanganye, sitorudi Kiponda."

Hoteli ilifungwa mwezi wa Rajabu mwaka 2025. Chumba kimekodishwa, panauzwa vinyago na nguo za pwani. Bi Muzna anaishi juu, na chakula chake anapikiwa na jirani.

Kuficha ugonjwa ambao haukuwa kosa lake kulimgharimu Bi Muzna hoteli ya miaka hamsini na nne na mwenzake wa miaka ishirini na mbili. Mardhiya, ambaye hakuwa na kosa lolote, kulimgharimu kazi yake. Anauza vitumbua mlangoni kwake asubuhi, na mwaka huu mfunguo mosi umekuja na umepita, harusi zimejaa Ng'ambo nzima, na hakuna aliyemwita kupika.